Sanamu za Warumi hazikuwa nyeupe

Wengi tumezoea kuamini kwamba Warumi wa kale walipenda marumaru tupu, nyeupe pe. Sivyo. Sanamu ya Augustus, kaisari wa kwanza wa Roma, iliyofukuliwa Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863 ilikutwa na mabaki ya rangi, nyekundu na buluu zikiwemo. Rangi za sanamu nyingine zilichujuka kwa mvua, udongo na kusuguliwa na wasafishaji.

Huko Roma, mbele ya madhabahu ya Ara Pacis iliyowekwa wakfu mwaka 9 KK, wageni wamewahi kuvalishwa miwani ya kidijitali, na jiwe lililopauka likajaa rangi machoni pao. Ukiniuliza, macho yaliyozoea weupe lazima yashtuke! Ila rangi halisi haikusalia ya kutosha, hivyo sehemu kubwa ya kinachoonekana humo ni makisio ya wataalamu.