Manzese na chakula bora: tunayoambiwa na tunayoyaona

Nakaa Manzese, hapa Dar es Salaam, miaka mingi sasa na kila baada ya muda wanakuja watu na mabango, mara lishe bora, mara badili mlo wako, wanapiga picha na akina mama wanaondoka. Sio wabaya, wengine wana nia nzuri kabisa. Ila kuna mambo wanayasema kuhusu sisi wa uswahilini na sisi wenyewe tunayarudia mpaka yanaonekana kweli, na kwa sababu tumeyaamini, hela na nguvu zinapelekwa pasipo na shida. Ngoja niyaseme moja moja.

"Uswahilini hakuna chakula bora, tuletewe supamaketi"

Hapana jamani. Ukitoka hapa kwa mguu unafika Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, ndizi zinashushwa mikungu kwa mikungu, viazi, mananasi, maparachichi. Upande wa pili una soko la Tandale, nafaka tupu, maharage ya kila rangi. Na kila uchochoro una genge. Chakula kinachopita Manzese kwa siku moja kingetosha mji mzima wa mkoani. Supamaketi tumeziona zikija na kuondoka, Uchumi, wale wa Kenya, walifunga maduka yao hapa nchini mwaka 2015 na huku kwetu hakuna aliyelala njaa kwa ajili hiyo, kwa sababu hakuna supamaketi itakayokupimia mafuta ya mia tano au kukukatia nusu kabichi. Muuza genge anafanya hivyo, na anakukopesha mpaka kesho.

Kwa hiyo shida sio umbali. Shida iko hapa chini.

"Watu hawajui lishe, wanahitaji elimu"

Hii ndio inaniumiza kuliko zote na ndio nitakaa nayo. Muulize mama yeyote aliyebeba kadi ya kliniki, atakutajia makundi ya vyakula bila kusita, amefundishwa kliniki, amefundishwa redioni, amefundishwa na wale wa mabango. Anajua kwamba mtoto anatakiwa mboga za majani na maharage na tunda. Sasa mfuate jioni akienda dukani.

Jirani yangu anauza nguo za mtumba za watoto, siku ya kawaida anarudi na elfu tano ya kula. Watu watano ndani. Unga kilo moja 1,600. Mkaa kopo moja 1,000. Mafuta ya kupima 500. Nyanya na kitunguu 500. Maji ndoo mbili 200. Hapo imeshakwenda 3,800 na bado hajagusa mboga, amebakiwa na 1,200. Anatamani maharage, robo kilo anaweza kuipata, lakini maharage yanataka mkaa mwingine, kopo la pili buku tena, na saa ni kumi na mbili na nusu na watoto wanataka kulala. Kwa hiyo anachukua mchicha na dagaa kidogo. Na siku ambayo karudi na elfu mbili anachukua chapati na chai ya rangi, basi. Huyo mama unamfundisha nini? Hesabu anayoipiga pale kwenye kaunta ya duka kwa dakika moja mimi na wewe tungehitaji karatasi na kalamu.

Halafu angalia hiki kitu, anayenunua kwa kupima ndiye anayelipa zaidi. Ukipiga mahesabu ya mafuta ya mia tano mia tano mpaka yafike lita, na mkaa wa kopo mpaka ufike gunia, yeye mwenye hela ndogo ananunua kwa bei ya juu kuliko mtu mwenye gari anayebeba gunia zima. Hana friji, hana pa kuweka, chumba kimoja, na hela yenyewe inaingia kwa siku. Hilo haliondolewi na semina.

Kinachosaidia ni kushusha gharama ya kupika na ya kununua kidogo kidogo. Maharage ukiyaloweka tangu usiku yanaiva haraka na mkaa unapungua kweli, hii naifanya mwenyewe, na maji ya kuloweka unamwaga unaweka mengine. Au mkapika pamoja, nyumba yenye wapangaji sita kila mmoja na jiko lake linawaka peke yake kwa ajili ya sufuria moja ya maharage, wakati sufuria moja kubwa ingewatosha wote. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Naomba kwa moyo wote wanaousimamia wauone kama jambo la chakula pia na sio misitu peke yake, maana kwa mtu wa Manzese gesi ya kulipia kidogo kidogo ndiyo inayoamua kama maharage yatapikwa au hayapikwi.

"Chakula bora ni cha wenye hela, nyama, maziwa, matufaha"

Wengi wetu tunaamini hivi na tunajinyima vya kwetu. Dagaa wa Mwanza unamla mzima, na kichwa na miba, ndani yake kuna protini, madini ya chokaa ya mifupa na chuma. Matembele, kisamvu, mnafu, kunde, majani ya maboga, mlenda. Papai kipande lina vitamini A na C, na linatoka hapahapa, tufaha lile linalong'aa kwenye sahani limesafiri kutoka Afrika Kusini huko na halilizidi papai kwa vitamini hizo. Mtoto wa jirani alikuwa analilia tufaha kila siku aonekane kama wenzake, namwelewa, lakini mama yake asijisikie vibaya kumpa embe.

Kitu kidogo ambacho hakina gharama: kamulia ndimu kwenye mchicha ukishaepua, ile tindikali na vitamini C inasaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye majani. Na chai ya rangi usiinywe palepale na chakula, subiri kama saa moja, maana chai inazuia chuma. Takwimu za afya za 2022 zinaonyesha watoto chini ya miaka mitano waliodumaa nchini ni asilimia 30, kutoka 34 mwaka 2015/16. Imeshuka, ila ni watoto watatu kati ya kila kumi bado.

"Sembe nyeupe ndiyo safi, dona ni ya wafungwa"

Wageni wakija watu wanaficha dona kabisa, nimeshuhudia! Ukweli ni kwamba mahindi yakikobolewa, lile ganda na kiini vinatolewa, na humo ndimo zilimokuwa nyuzinyuzi, vitamini B na sehemu kubwa ya madini. Kinachobaki sehemu kubwa ni wanga mweupe. Dona inashibisha zaidi pia, na ukisagisha mwenyewe unajua kilichoingia.

Lakini wanaoisifia dona hawamalizii sentensi. Kama mahindi yana ukungu, dona ni hatari zaidi kuliko sembe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, nyingi inakaa kwenye ganda na kiini. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sio hadithi. Kwa hiyo kabla ya kupeleka mashineni mwaga kwenye ungo, chagua, punje iliyovunjika, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani, toa zote, na usiwape kuku. Na sagisha kidogo, dona ina mafuta ya kiini haikai muda mrefu.

"Mchicha ukiuosha kwa chumvi unakuwa salama"

Inategemea umelimwa wapi. Kuosha kunatoa udongo na kupunguza vijidudu. Ila mboga zinazolimwa kandokando ya mto Msimbazi na mto Sinza, ambako maji ya viwandani na ya vyoo yanapita, tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuta ndani yake madini mazito, risasi na kadimiamu, na hayo yanaingia kwenye jani lenyewe, huyatoi kwa chumvi wala siki. Siwalaumu wakulima wa bondeni, na wao wanatafuta. Wakipewa maji safi na eneo watalima hukohuko. Kwa sasa muulize muuza genge mchicha umetoka wapi, wengi wanasema ukweli ukiwazoea. Na ukiwa na hata upenyo wa ukuta, kiroba cha udongo msafi kinatoa matembele ya kula mara mbili kwa wiki.

"Mama ntilie ndio wanaoleta magonjwa, waondolewe"

Mama ntilie ndio jiko la uswahilini. Yule anayeuza maharage ya kuiva ya mia tano ndiye aliyemwokoa jirani yangu na mkaa wa kopo la pili, anachukua bakuli lake, anasonga ugali nyumbani, watoto wanakula maharage. Ukimfukuza pale kona umeondoa maharage kwenye nyumba ishirini. Anachohitaji ni bomba la maji karibu, mfereji unaopitisha maji, na kuambiwa kwa heshima apunguze chumvi, maana Shirika la Afya Duniani, WHO, wanasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na mafuta yaliyokwisha kuwa meusi asiyakaangie tena. Nimeongea na mmoja hapa kwetu, aliniambia tatizo lake kubwa ni maji ya kununua, kila ndoo anayooshea vyombo anaihesabu.

Na ile shida ya kununua kwa bei ya rejareja nayo ina njia. Mtaani kwetu wanawake saba walianza kwa kuchangishana kila Jumamosi, kama upatu tu, wawili wanaamka saa kumi na moja alfajiri wanaenda Mabibo na toroli. Wanarudi na tenga la nyanya, kabichi, karoti, viazi, wiki nyingine nusu gunia la maharage kutoka Tandale. Wanamwaga kwenye turubai barazani wanagawana kwa kopo, mmoja ana daftari anaandika. Ambaye hana wiki hiyo anachukua pungufu na anafidia ijayo. Jumamosi iliyopita zilibaki karoti kumi na moja hazigawanyiki, wakampa mjamzito wa chumba cha nyuma.