Wanafunzi 10 kati ya 180

Wiki ya kupeleka matokeo kwenye bodi ya mitihani, mama mmoja mkufunzi alishuka ofisini kwetu hapa Moshi, kompyuta mkononi. Sijamaliza hata shikamoo, akaanza: "Mwanangu, hii mashine imenilia wanafunzi." Darasa lake lina watu 180. Programu aliyoandikiwa na mpwa wake ya kuvuta alama kutoka kwenye jukwaa la masomo ilikuwa imemletea 10 tu, kimya kimya, tena kwenye jedwali lililonyooka vizuri. Darasa lingekuwa la watu 12, huenda asingeshtuka.

Siku hizi tunapokea wengi wa namna yake, na ni jambo jema: wamechoka kunakili alama moja moja hadi usiku. Njia ipo. Majukwaa kama Moodle na Canvas yana mlango wa pembeni uitwao API, uliowekwa kwa ajili ya programu. Uchukulie kama dirisha la tiketi pale stendi. Huingii ofisini kupekua. Unataja safari yako, unaonyesha kitambulisho, unapewa chako. Kitambulisho chenyewe ni tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu.

Badala ya kuandika kila kitu mwenyewe, unatumia maktaba ya msimbo, kazi ambayo wengine wameshaiandika na kuijaribu. Wapo wanaosema "maktaba ya kodi", ila Mtanzania akisikia kodi anawaza TRA, kwa hiyo nabaki na msimbo. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, maktaba iitwayo requests hubeba ombi lolote kwenda popote. Nyingine, canvasapi, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Central Florida huko Marekani, inaijua Canvas na desturi zake.

Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Canvas ikiombwa orodha, kwa kawaida hutoa vitu 10, halafu huweka kiungo cha ukurasa unaofuata kwenye vichwa vya jibu (headers), yaani maelezo yanayotangulia data yenyewe, mahali ambapo mgeni hatazami. Unaweza kuomba hadi 100 kwa ukurasa, lakini darasa la 180 bado litavuka. Anayetumia requests lazima akifuate kiungo hicho mwenyewe mpaka kiishe. Ukitumia canvasapi, yenyewe hugeuza kurasa kadiri unavyoipitia orodha. Mpwa alikuwa ameomba mara moja, akapokea, akafunga.

Moodle ina mtego wake, na mimi huuogopa zaidi. Ombi hupelekwa kwenye faili la server.php lililo ndani ya folda ya webservice/rest, likiwa na tokeni, jina la kazi unayoitaka, na umbo la jibu, ambalo wengi huchagua JSON, mpangilio wa data ambao programu husoma kwa urahisi. Ukitaka walioandikishwa kwenye kozi, kazi hiyo inaitwa core_enrol_get_enrolled_users, nayo inadai namba ya kozi. Si ile ya kwenye ratiba ya chuo! Ni ile unayoiona mwishoni mwa anwani ukifungua kozi, baada ya id=. Sasa, tokeni ikiwa imekwisha muda, Moodle hujibu kwa namba 200, ambayo kwenye wavuti maana yake mambo ni shwari, huku ndani ya jibu yamo maneno exception na errorcode, yaani kuna kosa. Programu inayotazama 200 peke yake itaandika faili tupu na kutangaza kwamba imemaliza. Tafuta kwanza neno exception, ndipo uguse data.

Tena, requests haina kikomo cha kusubiri usipoiwekea. Mtandao ukiyumba katikati ya masika, itakaa inangoja nawe utadhani inafanya kazi. Andika timeout=30, yaani sekunde 30, uendelee na maisha.

Kuhusu tokeni nitakuwa mkali kidogo. Inabeba ruhusa zako zote ulizopewa kwenye huduma hiyo, kwa hiyo atakayeiokota anaonekana kuwa ni wewe. Usiombe tokeni ya msimamizi kwa sababu tu "inafungua kila kitu". Kwenye Moodle msimamizi anaweza kuiwekea tarehe ya kuisha na kuifungia kwenye anwani maalumu za IP, yaani namba za kutambulisha kompyuta mtandaoni. Mwombe afanye hivyo. Tuma ombi kwa POST, njia inayoweka data ndani ya ombi badala ya kwenye anwani, maana tokeni ikikaa kwenye anwani ya ombi hubaki kwenye kumbukumbu za seva. Na usiiandike ndani ya faili la msimbo unalomrushia mwenzako kwa WhatsApp. Majina na alama ni taarifa binafsi, nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, kwa mwenye karatasi na kwa mwenye programu pia.

Tulimwekea mama yetu mistari minne ya kufuata kurasa, na mmoja wa kuhesabu majina kabla ya kuhifadhi. Tukabonyeza. Yakaja 179.

"Unaona? Bado mmoja!" Nikamwomba alete daftari la mahudhurio. Akapitisha kidole, akasimama katikati ya ukurasa, akacheka. Kulikuwa na kijana aliyeahirisha mwaka tangu Januari, na barua yake ya ruhusa ilikuwa imebanwa kwenye jalada la daftari lilelile.