Diski ya SSD kwa kompyuta ya mezani: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote, na inayowagharimu wanunuzi wengi, ni kwamba diski yoyote ya SSD (inayohifadhi data kwenye chipu, bila sehemu inayozunguka) yenye umbo la M.2 ni diski ya NVMe, yaani ya aina yenye kasi zaidi, na kwamba ikishaingia kwenye sloti ya M.2 haina budi kufanya kazi. Ukweli ni kwamba M.2 ni jina la umbo tu, yaani kijibao chembamba, kwa kawaida chenye upana wa milimita 22, kinachochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama bila kebo. Umbo hilo halisemi lolote kuhusu njia inayopitisha data. Zipo diski za M.2 zinazotumia SATA, njia ya zamani na ya polepole zaidi, sawa na diski za inchi 2.5 zinazounganishwa kwa kebo, na zipo zinazotumia NVMe, utaratibu uliotolewa mwaka 2011 ambao hupitisha data kwenye njia za PCIe, yaani njia za kasi za ubao mama zinazotumiwa pia na kadi za michoro. Sloti nazo hutofautiana: ipo inayopokea NVMe pekee, ipo inayopokea SATA pekee, na ipo inayopokea zote mbili. Diski ya SATA ikiwekwa kwenye sloti ya NVMe pekee itakaa vizuri, skrubu itafungwa na kompyuta itawaka, lakini diski hiyo haitaonekana popote.

Wapo wanaosema kwamba inatosha kutazama mapengo kwenye ukingo wa diski. Ni kweli kwamba diski za M.2 za SATA kwa kawaida zina mapengo mawili na nyingi za NVMe zina moja, ila zipo diski za NVMe zinazotumia njia mbili tu za PCIe ambazo nazo zina mapengo mawili. Chanzo cha kuaminika ni kitabu cha maelekezo ya ubao mama, ambacho hutaja kila sloti na aina ya diski inayoipokea. Aliyekipoteza anaweza kukipata kwenye tovuti ya mtengenezaji akitafuta modeli iliyochapwa juu ya ubao wenyewe. Ningemsihi kila mnunuzi asome ukurasa huo kabla ya kutoa pesa, kwa sababu hapo pia hutajwa urefu unaokubalika: 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, ilhali 22110 ina urefu wa milimita 110 na huenda isipate mahali pa kufungwa. Hapo pia huandikwa jambo ambalo wengi hulipuuza, kwamba katika mbao mama kadhaa, sloti fulani ya M.2 ikitumika, baadhi ya matundu ya SATA huzimwa. Anayeongeza diski mpya kisha akaona ya zamani imetoweka hudhani imekufa, kumbe inahitaji tu kuhamishiwa tundu jingine.

Si kweli kwamba toleo la PCIe la diski lazima lilingane na la ubao mama. Diski ya PCIe 4.0 inafanya kazi kwenye sloti ya 3.0, na kinyume chake, isipokuwa mwendo hufuata upande ulio dhaifu: diski inayosoma megabaiti 7,000 kwa sekunde itashuka hadi takribani 3,500.

Hata hivyo, namba hizo kubwa zenyewe zimezaa dhana nyingine, kwamba diski yenye namba maradufu huifanya kompyuta iwe nyepesi maradufu. Namba za kwenye boksi hupimwa kwa kusoma faili kubwa mfululizo, ilhali mfumo endeshi unapowaka husoma vipande vidogo vingi vilivyotawanyika. Hatua kubwa hupatikana mtu anapoachana na diski ya kuzunguka, ambayo kichwa chake hutumia milisekunde kadhaa kufikia kila kipande. Kwa maoni yangu, mtumiaji wa kazi za ofisini akitoka huko na kwenda kwenye SSD ya SATA, inayosoma takribani megabaiti 550 kwa sekunde, amepata sehemu kubwa ya faida yote. Anayehamisha video nzito kila siku ndiye mwenye sababu ya kulipia zaidi.

Kuhusu kompyuta za zamani, wengine hudai haziwezi kutumia SSD kabisa, na wengine hudai kadi ya PCIe ya kubebea M.2 humaliza kila tatizo. Wote wamekosea. SSD ya SATA hufanya kazi hata kwenye tundu la SATA la kizazi cha pili, kwa mwendo uliopungua. Kadi nayo huiwezesha diski ya NVMe kuhifadhi data, lakini kuwasha mfumo endeshi kutoka humo kunategemea UEFI, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, na mbao nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2014 hazina uwezo huo.

Hofu ya diski kuisha haraka kwa kuandikiwa imepitiliza: diski yenye dhamana ya kuandikiwa terabaiti 600, ikiandikiwa gigabaiti 50 kila siku, ingehitaji zaidi ya miaka 30 kufika hapo. Kinachostahili uangalifu zaidi ni ukubwa wa diski. Anayenakili mfumo wa zamani uliopangwa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, kwenye diski ya terabaiti 4 atakuta karibu nusu yake haitumiki, kwa kuwa mpangilio huo huishia kwenye takribani terabaiti 2.2. Dawa ni kuubadilisha uwe GPT, mtindo mpya zaidi usio na kikomo hicho, na Windows huhitaji UEFI ili kuwaka kutoka kwenye diski ya namna hiyo.