Gasketi ya hedi haijiunguzi yenyewe

Siku hizi kila injini inayomsumbua mtu "imeunguza gasketi". Ikilowa oili ubavuni, imeunguza gasketi. Ikitoa moshi, imeunguza gasketi. Ikisimama katikati ya mlima wa Kitonga huku rejeta inafoka, hata utingo wa lori linalopita atachungulia dirishani na kukuambia: gasketi hiyo, bosi. Jina moja limebebeshwa maradhi yote ya injini, na anayelipia mkanganyiko huo ni mwenye gari.

Gasketi ya hedi ni bapa jembamba linalolala kati ya bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka, na silinda hedi, ambayo hubeba valvu. Hutenganisha vitu vitatu vinavyokutana kwenye maungio hayo: moto wa ndani ya silinda, maji ya kupozea, na oili. Basi, ndiyo hiyo. Injini ina gasketi nyingine chungu nzima: ya tapeti kava (mfuniko ulio juu ya valvu), ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), ya manifoldi, ya wota pampu. Ile inayoachia oili ichuruzike kutoka juu ya injini mara nyingi ni ya tapeti kava, utepe wa mpira unaobadilishwa bila kuigusa hedi. Ukiambiwa ufungue hedi kwa sababu ya oili hiyo, tafuta fundi wa pili.

Hilo la kuchanganya gasketi na gasketi nalisamehe. Linaloniudhi ni sentensi hii: "Gari lilichemsha kwa sababu gasketi iliungua." Mara nyingi mambo yalikwenda kinyume. Gari lilichemsha kwanza, gasketi ikafuata.

Chukua injini ya Toyota iitwayo 5A, iliyojaa kwenye Corolla za zamani. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo kila unapowasha gari na kila linapopoa, hedi inateleza kidogo juu ya bloku, na gasketi iko hapo katikati ikisuguliwa. Imetengenezwa kwa ajili hiyo, na kwa joto la kawaida huvumilia miaka mingi. Lakini maji yakiisha, alumini hutaka kutanuka kupita kiasi na haina pa kwenda, kwa sababu imefungwa kwa bolti. Inajibana, inapinda, na ikipoa hairudi ilivyokuwa. Sasa kuna sehemu ambazo hedi haiibani gasketi sawasawa. Moto wa silinda, ambao huzidi nyuzi joto 2,000 kwa kitambo kifupi cha mlipuko, unapata upenyo na kuitafuna gasketi taratibu, wiki baada ya wiki. Ndiyo maana mtu anaweza kuchemsha gari mwezi huu, akaongeza maji, akaendelea na safari akidhani ameokoka, kisha gasketi ikamfia mwezi ujao.

Kilichochemsha gari huwa ni kitu cha bei ndogo. Hozi iliyopasuka. Feni isiyowaka. Rejeta iliyoziba kutu baada ya miaka ya kujazwa maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulenti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Mfuniko wa rejeta ambao mpira wake umekufa: wengi huuona kama kizibo tu, kumbe ndio unaoshikilia presha, na presha hiyo ndiyo inayofanya maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Na themostati, ambayo mafundi wetu wengi hupenda kuing'oa na kuitupa wakidai nchi hii ina joto. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake. Huifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kulishikilia hapo, na kuna injini ambazo ukiitoa, maji hukatisha njia na kurudi bila kupita vya kutosha kwenye rejeta.

Mshale wa joto nao hudanganya. Maji yakishuka mpaka sensa ikabaki kwenye hewa tupu, mshale unaweza kurudi chini huku hedi inaiva. Dereva anafurahi kuwa gari limepoa.

Ni kweli pia kwamba gasketi huweza kuanza yenyewe. Ikizeeka, ikiliwa na kutu, au ikiwa ilifungwa vibaya mara ya mwisho, itaachia bila gari kuchemka kwanza. Hewa ya silinda itaingia kwenye maji, itayasukuma nje, na hapo ndipo joto litapanda. Kuna namna ya kujua kabla ya kufungua. Ipo dawa ya bluu ambayo hugeuka njano ikikutana na hewa ya moto wa injini: hushikwa kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa inaunguruma. Kuna kupima kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda, ambapo silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja huonyesha gasketi imekatika katikati yao. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kubwa ikiwa iko hadi kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Ikiwa ni utando mdogo tu chini ya mfuniko wa oili, unaweza kuwa ni unyevu wa gari linalotembea safari fupi fupi.

Sasa kazi yenyewe. Hedi ikishatoka, huwekewa rula ya chuma iliyonyooka na kupimwa kwa fila geji (vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya), kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kwa 5A, kupinda kunakoruhusiwa upande wa bloku ni milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi ya kutolea kopi. Macho hayaoni hilo, na kidole hakilihisi. Ikizidi hapo, hedi inakwenda kwenye mashine kusawazishwa, na ikiwa kuna shaka ya ufa, ipimwe kwa presha. Uso wa bloku nao upimwe. Bolti hufunguliwa kuanzia nje kuja kati na hufungwa kuanzia kati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyohiyo. Mkono wa fundi, hata aliyefunga injini miaka thelathini, si kipimo. Gasketi ya zamani hairudishwi. Silikoni haipakwi pande zote kama siagi.

Fundi anayefungua hedi, anakwangua, anaweka gasketi mpya na kufunga siku hiyohiyo, amebadilisha gasketi, hilo halina ubishi. Hedi bado imepinda, rejeta bado imeziba, na mteja atarudi kulalamika kwamba gasketi za siku hizi ni feki. Feki zipo, lakini nyingi zinazolaumiwa zilifungwa kwenye hedi ambayo haikupimwa.

Kwa hiyo endelea kusema gasketi imeungua, hakuna ubaya. Ni lugha ya gereji na inaeleweka. Ila fundi akishalisema, muulize kwa upole: gari lilichemshwa na nini, na hedi imepinda kiasi gani? Kama hana jibu la yote mawili, mwombe asiirudishe hedi kwanza.