Je, wajua kwa nini mageuzi hayakuiokoa Sovieti? Anzia kwenye bei ya nyama

Ukiuliza nani aliuangusha Muungano wa Kisovieti, wengi watakutajia Ronald Reagan na mbio za silaha, au vita vya Afghanistan, au Mikhail Gorbachev mwenyewe. Kila jibu lina ukweli wake. Lakini mimi naona mkasa huu unaeleweka vizuri zaidi ukianzia buchani.

Tarehe 1 Juni 1962 serikali ya Nikita Khrushchev ilitangaza bei mpya: nyama juu kwa takriban asilimia 30, siagi asilimia 25. Huko Novocherkassk, kusini mwa Urusi, kiwanda cha vichwa vya treni kilikuwa pia kimepunguza malipo ya wafanyakazi wake. Wakaacha mitambo, wakaingia barabarani. Kesho yake askari walifyatua risasi. Zaidi ya watu 20 walikufa, na 7 wakahukumiwa kifo baadaye kwa kushiriki maandamano. Magazeti hayakuandika hata mstari mmoja.

Wananchi wengi hawakujua, ila wakubwa wa Chama cha Kikomunisti walijua, na hofu ile haikuwatoka. Bei ya nyama na maziwa kwenye maduka ya serikali ikabaki palepale karibu miaka 29, hadi Aprili 1991.

Sasa fikiria maana yake. Katika uchumi ule bei haikutokana na muuzaji na mnunuzi kupatana. Moscow kulikuwa na kamati ya mipango, Gosplan, iliyoamua kiwanda gani kitoe nini na kwa kiasi gani, na kamati nyingine iliyopanga bei. Serikali ilinunua ng'ombe kutoka mashamba ya ushirika kwa bei kubwa kuliko ile iliyouzia nyama mjini. Kwa hiyo kadiri nyama ilivyoongezeka ndivyo hazina ilivyopata hasara. Mishahara nayo ilipanda, bidhaa hazikutosha, na pesa zikarundikana mikononi mwa watu wasiokuwa na cha kununua. Watanzania waliopanga foleni kwenye maduka ya kaya miaka ya 1980 hawahitaji maelezo zaidi.

Mbona mfumo huo ulidumu basi? Mafuta. Mwaka 1965 eneo kubwa la mafuta la Samotlor liligunduliwa Siberia Magharibi, na mwaka 1973 bei ya dunia ikaruka. Dola za mafuta zikanunua ngano Marekani na Kanada, kwa kuwa nchi iliyomiliki udongo mweusi wa Ukraine ilikuwa imegeuka kuwa mmoja wa waagizaji wakubwa wa nafaka duniani. Mwishoni mwa 1985 pipa liliuzwa karibu dola 30. Katikati ya 1986 lilikuwa karibu dola 10.

Gorbachev alishika ukatibu mkuu Machi 1985, akiwa na miaka 54, baada ya wazee watatu kufia madarakani ndani ya miezi 28. Bahati haikuwa upande wake, lakini makosa mengine aliyafanya mwenyewe. Mei 1985 alianzisha kampeni dhidi ya ulevi. Kodi ya vodka ilikuwa nguzo ya bajeti, na nguzo hiyo ikapunguzwa unene wakati mafuta nayo yanaporomoka. Watu wakapika gongo nyumbani, na sukari ikatoweka madukani.

Kosa lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni sheria ya mashirika ya umma ya 1987, iliyoanza kutumika Januari 1988. Iliwapa mameneja uhuru wa kubakiza sehemu ya faida na kupandisha mishahara, na wafanyakazi wakapewa haki ya kumchagua meneja. Bei zikaachwa mikononi mwa serikali. Meneja anayetaka kura atafanya nini? Mishahara ikapaa, benki kuu ikachapa noti kuziba nakisi, rafu zikabaki tupu. Julai 1989 wachimba makaa wa Siberia na Ukraine waligoma, na miongoni mwa madai yao ilikuwa sabuni ya kuogea wakitoka shimoni.

Wakati huohuo Gorbachev alikuwa akilegeza siasa. Aliamini vigogo wa Chama ndio wanaokwamisha mageuzi, hivyo akaruhusu magazeti kusema na watu kupiga kura yenye ushindani Machi 1989. Mwaka uliofuata Chama kilipoteza ukiritimba wake kikatiba. Nia ilikuwa njema, na mamilioni walipumua. Tatizo ni kwamba Chama ndicho kilichounganisha jamhuri 15. Katiba zenyewe zilikuwa karatasi tu. Jamhuri zikaanza kuzuia kodi zisifike Moscow, Urusi ya Boris Yeltsin ikiwemo. Lithuania ilitangaza uhuru Machi 1990.

Je, China haikuonyesha njia? Deng Xiaoping alianza na vijiji mwishoni mwa miaka ya 1970, ambako takriban Wachina wanane kati ya kumi waliishi. Familia zikapewa mashamba kwa mkataba, chakula kikaongezeka haraka. Mkulima wa Sovieti alikuwa kibarua wa mshahara tangu siku nyingi, na theluthi mbili za raia waliishi mijini. Waliojua kulima kwa faida yao wenyewe walikwisha vunjwa na Stalin miaka ya 1930. Isitoshe, Deng alikuwa tayari kutumia vifaru dhidi ya waandamanaji Juni 1989. Gorbachev alisitasita, na nguvu ilipotumika Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, na Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, ilitosha kuamsha hasira, haikutosha kutisha.

Kwa hiyo jibu langu lina pande mbili. Dola lenyewe, pengine bila nchi za Baltiki (Lithuania, Latvia na Estonia), lingeweza kudumu kwa sura fulani: mkataba mpya wa muungano ulikuwa utiwe saini 20 Agosti 1991, na siku moja kabla wahafidhina wakafanya jaribio la mapinduzi lililoua muungano waliodai kuulinda. Ukomunisti kama mfumo wa uchumi ni habari nyingine. Mageuzi ya kweli yalidai bei iamuliwe sokoni, na siku hiyo Gosplan ingekosa kazi pamoja na wizara zote zilizoishi kwa maagizo yake. Waziri mkuu Alexei Kosygin alijaribu nusu yake mwaka 1965 na wizara zikaimeza.

Bendera nyekundu ilishushwa Kremlin 25 Desemba 1991. Tarehe 2 Januari 1992 Yegor Gaidar, msimamizi wa uchumi katika serikali ya Yeltsin, aliachia bei nyingi za Urusi zielee. Bidhaa zikarudi madukani, bei zikapanda zaidi ya mara 25 ndani ya mwaka huo, na waliolipa ni wastaafu waliokuwa wameweka akiba benki miaka yote ile nyama ilipokuwa rahisi na haionekani.