Jua linawaka, vitamini D iko wapi?

Ukitaja upungufu wa vitamini D, wengi hufikiria nchi za baridi na theluji. Nao ni kweli huko upo: kwa mji kama Boston, Marekani, watafiti walionyesha mwaka 1988 kwamba kuanzia Novemba hadi Februari jua la huko haliwezi kuifanya ngozi itengeneze vitamini hii. Lakini viwango vya chini sana hupatikana pia Mashariki ya Kati na Asia ya Kusini, ambako jua ni kali. Jua la angani na jua linalofika kwenye ngozi ni vitu viwili.

Sehemu kubwa ya vitamini D hatuili, tunaitengeneza. Ndani ya ngozi kuna aina ya kolesteroli ambayo ikipigwa na mionzi ya urujuanimno aina ya B hugeuka kuwa vitamini D. Ini huibadilisha, kisha figo huikamilisha ili iusaidie utumbo kufyonza kalisi ya kujenga mifupa. Mionzi hiyo haipenyi kioo cha kawaida cha dirisha, kwa hiyo anayeota jua akiwa ndani ya gari au ofisini anapata joto tu. Hata jua la alfajiri, ambalo wengi hulisifu, lina mionzi hiyo kidogo mno. Angalia kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi yako inatengeneza kidogo sana.

Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani, kwa sababu melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, huizuia mionzi. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoshinda nje kutwa, ukakuta wastani wa vitamini D wa nanomoli (kipimo kidogo mno cha wingi) 115 kwa lita ya damu. Hicho ni kiwango cha juu. Kwangu mimi, hilo linatosha kuonyesha kwamba shida kubwa ni maisha ya kushinda ndani.

Ni wangapi basi wamepungukiwa? Inategemea mstari unauchora wapi. Uchambuzi wa mwaka 2023 uliokusanya vipimo vya watu karibu milioni 8 kutoka nchi 81 ulikuta takribani asilimia 48 wako chini ya nanomoli 50, na karibu asilimia 16 chini ya 30. Kuna wataalamu wa homoni wa Marekani waliowahi kutaka kila mtu afikie 75. Mwaka 2024 chama chao, Endocrine Society, kikaachana na lengo hilo. Ninaowahofia ni wale walio chini ya 30. Hao ndio watoto wanaopata matege, na watu wazima ambao mifupa yao hulainika, wakaumwa nyonga na mapaja, wakashindwa hata kuinuka kitini.

Ufini ilianza mwaka 2003 kuongeza vitamini D kwenye maziwa na siagi ya mimea, na mwaka 2010 ikapendekeza kiasi hicho kiongezwe maradufu. Wastani wa watu wazima ulipanda kutoka nanomoli 48 mwaka 2000 hadi 65 mwaka 2011.

Kwa asiye na upungufu, vidonge havina miujiza. Jaribio la Marekani lililohusisha watu 25,871, ambapo nusu yao walipewa vitamini D ya uniti 2,000 (kipimo kinachoandikwa IU kwenye vidonge) kila siku, halikupunguza idadi ya waliopata saratani, maradhi ya moyo wala kuvunjika mifupa. Kuzidisha ni hatari: kalisi hupanda kwenye damu na kuumiza figo, ndiyo maana mtu mzima hashauriwi kuvuka uniti 4,000 kwa siku bila usimamizi wa daktari.

Mtoto mchanga ni habari nyingine. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo, na mtoto wa miezi michache haanikwi juani kwa muda mrefu. Madaktari wa watoto katika nchi nyingi humwandikia matone ya uniti 400 kila siku tangu siku zake za mwanzo. Mama anayenyonyesha ambaye hapati jua aulizie matone hayo kliniki, kabla mguu wa mtoto haujaanza kupinda.