Kutrendi si kutazamwa sana

Vichwa vya habari viwili hurudi karibu kila wiki. Kimoja husema wimbo fulani "unatrendi" kwa kuwa umefikisha watazamaji milioni mbili. Kingine huonya wazazi juu ya "trendi mpya hatari miongoni mwa vijana". Vyote viwili vinalitumia neno vibaya, kila kimoja kwa namna yake, na kosa la pili lina madhara zaidi.

Kwa lugha ya mitandao, kitu kinatrendi pale kinapotajwa, kutafutwa au kutumiwa kwa kasi kubwa kuliko kawaida yake, mahali fulani, katika kipindi fulani. Basi. Uzito wote uko kwenye "kuliko kawaida yake", na hapo ndipo watu wanaparuka. Hata neno lenyewe, kabla ya intaneti, Kiingereza kililitumia kueleza mto au pwani inavyopinda kuelekea upande mmoja, kisha wanatakwimu wakalichukua kwa maana ya mwelekeo wa namba. Halikuwahi kuwa neno la kupimia ukubwa.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme jina la msanii mkubwa hutajwa mara 10,000 kwa saa, na leo limetajwa mara 12,000. Ongezeko ni asilimia 20. Saa hiyohiyo neno la utani ambalo kwa kawaida hutajwa mara 20 limefika mara 1,500, yaani mara 75 ya kawaida yake. Orodha ya mtandao ya yanayotrendi itapandisha neno la utani na kumwacha msanii nje, ingawa ametajwa mara nane ya neno hilo. Orodha haijakosea. Imejibu swali ililoulizwa: nini kimeruka ghafla?

Mashabiki wa mwimbaji Justin Bieber waliliona hili mwaka 2010. Jina lake lilikuwa halibanduki kwenye orodha ya Twitter, mpaka Mei mwaka huo kampuni ilipobadilisha hesabu ili ipendelee mruko wa ghafla kuliko mazungumzo yasiyokoma. Jina likashuka, na mashabiki walikuwa bado wanaliandika vilevile. Desemba, watu waliokuwa wakifuatilia habari za WikiLeaks, tovuti ya kuvujisha nyaraka za siri, walilalamika kwamba mada yao inafichwa. Kampuni ikawajibu kuwa orodha hutafuta kilicho kipya kwa wakati huo, si kilichozungumzwa sana kwa siku nyingi. Kwa hiyo mada inaweza kutoka kwenye orodha huku ikitajwa zaidi ya jana, kwa sababu kawaida yake nayo imepanda. Vikundi vinavyopanga kuisukuma hashtagi hujiharibia hapohapo: vikianza kuitumia kidogo kidogo siku tano kabla, siku yenyewe ikifika mruko unaonekana mdogo.

Google nayo inasomwa kombo. Grafu ya Google Trends, zana yake ya kuonyesha neno linavyotafutwa, ina kipimo cha 0 hadi 100, na wengi huidhani 100 kuwa idadi au asilimia ya watu. Hiyo 100 ni kilele tu cha neno hilo katika kipindi na eneo ulilochagua, baada ya kulinganishwa na utafutaji wote wa hapo. Neno linalotafutwa na watu wachache sana lina 100 yake, na neno linalotafutwa na dunia nzima lina 100 yake. Ukitaka kulinganisha maneno mawili, lazima uyaweke kwenye grafu moja. Picha mbili zilizopigwa kando kando hazilinganishiki. Halafu kila mwisho wa mwaka Google hutoa orodha zake za mwaka, na vyombo vya habari huzitangaza kama orodha za "waliotafutwa zaidi". Nyingi kati ya hizo ni za walioongezeka zaidi kulinganisha na mwaka uliotangulia. Kijana aliyejulikana mwaka huu anaweza kuongoza orodha hiyo, na mchezaji anayetafutwa kila siku kwa miaka 10 asionekane kabisa.

Sasa ile "trendi hatari". Mashine huhesabu kutajwa. Haijui aliyetaja alikuwa anafanya, anacheka, anakanusha au anaonya. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa "Momo", ile picha ya uso wenye macho yaliyotoka, iliyopigwa kutoka kwenye sanamu ya msanii wa Kijapani Keisuke Aiso. Februari 2019, hasa Uingereza, ilienea habari kwamba picha hiyo inajitokeza katikati ya video za watoto na kuwaamuru wajidhuru. Shule zikatuma barua, wazazi wakasambaza onyo, na jina likapaa. YouTube ilisema haikuona ushahidi wa video za namna hiyo, na mashirika ya hisani yakasema hayakuona ushahidi kwamba imemdhuru mtu, na kwamba kelele zenyewe za vyombo vya habari ndizo zingeweza kuwaweka watu hatarini. Kilichotrendi kilikuwa hofu ya watu wazima. Kuiita "trendi ya vijana" kuliwabandika watoto kitendo ambacho hawakukifanya, na huenda wengi wao walilijua jina hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mzazi au mwalimu.

Vijana wenyewe wana maana yao ya ziada, na ni sahihi. Kijana akisema "tufanye ile trendi", anazungumzia kiolezo: sauti ya sekunde chache, mahali palepale ambapo mdundo unadondoka na picha inabadilika, maandishi yaleyale juu ya skrini, kisha kila mtu anaingiza lake. Kipimo cha trendi ya aina hii ni kuigwa. Video iliyotazamwa mara milioni 20 bila mtu kuiiga imesambaa, au imevuma, lakini haijawa trendi. Ile iliyotazamwa kidogo na kuzaa maelfu ya matoleo imekuwa. Na hata kusambaa kuna masharti yake: kitu husambaa kinapopita mkono kwa mkono, mtu akimtumia mwenzake. Watazamaji walioletwa na tangazo la kulipia ni watazamaji kweli, ila hapo hakuna kilichosambaa.

Kuhakiki hakuchukui muda. Kwenye TikTok gusa jina la sauti chini ya video, utaona ni video ngapi zimetengenezwa kwa sauti hiyo. Fungua kadhaa, angalia tarehe, na angalia kama watu wanatenda au wanasimulia tu habari za wanaotenda. Ukikuta waonyaji watupu na watendaji hawapo, mikononi mwako una uvumi. Usitosheke na kile kinachokujia wewe kwenye ukurasa wako. Ukurasa huo umepangwa kwa kufuata unachotazama mpaka mwisho, unachorudia na unachotuma, kwa hiyo wanafunzi wawili wa dawati moja wanaweza kushika simu zao na wasione kitu hata kimoja kinachofanana. YouTube yenyewe iliuondoa ukurasa wake wa Trending mwaka 2025, takriban miaka 10 tangu uanzishwe, ikieleza kuwa trendi siku hizi ni nyingi ndogondogo, kila moja ndani ya jamii yake. Anayeandika "vijana wote sasa wanafanya hivi" anaeleza vijana wachache, au anaeleza simu yake.

Sisemi neno liachwe. Ni neno zuri, linataja jambo ambalo "umaarufu" haulitaji. Ila mwandishi akiwa na wimbo uliotazamwa mara milioni mbili, aandike hivyohivyo, "umetazamwa mara milioni mbili". Sentensi hiyo imekamilika. Akisema kitu kinatrendi, aongeze ni wapi, tangu lini, na katika mtandao gani. Na kabla ya kuandika "miongoni mwa vijana", atafute kwanza vijana wanaofanya jambo hilo. Asipowapata, aandike kwamba kuna onyo linalosambaa, na ataje lilianzia kwa nani.